Anwani Aliyoandika Mama

Kusini mwa Brazili, 3 Juni 1853

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi, mume wangu Lorenz na mtoto hatujambo. Sijui wewe na mgongo wako. Hii ni barua ya tatu na bado hujanijibu. Niliondoka bila kukuaga, najua, una haki ya kukasirika.

Tuko familia kumi na moja, na hapa hapana jina. Kila mpima ardhi akija kuuliza aandike nini kwenye ramani, watu wanagombana. Wa kutoka Simmern wanataka Simmern Mpya. Wa Kirn hawataki hata kusikia. Asubuhi ukungu unajaa bondeni kama maziwa kwenye beseni. Jirani ananisalimu, simwoni. Wakati mwingine naona kama kwetu kuko nyuma ya ule weupe, hatua kumi tu.

Mwanao,
Ottilie

Hunsrück, Ujerumani, 20 Novemba 1853

Ottilie mwanangu,

Mgongo unauma, lakini nipo. Barua zako nilizifungia kabatini bila kuzisoma. Juzi kaka yako Veit alinisomea zote tatu, nikalia mpaka akaniambia nikuandikie. Nikuandikie wapi? Basi juu ya bahasha nimeandika yale uliyoyasema mwenyewe. Ikipotea, ujue nilijibu.

Mama yako

Bonde la Ukungu, 2 Aprili 1854

Mama yangu,

Nimeipata, na sote wazima. Uliandika: "Kwa Ottilie wangu, kusini mwa Brazili, kwenye bonde la ukungu unaoficha majirani." Mwendesha nyumbu anayeleta barua ameizungusha mabonde manne, akiuliza kila mahali kama ukungu wao unaficha majirani, na watu wakimcheka. Kwetu hakuona nyumba hata moja. Akaita jina langu, nikaitika kutoka mle weupeni.

Mpima ardhi alikuwepo, na ubishi ulikuwa umepamba moto. Mzee Gottlob wa Kirn, mbishi kuliko wote, aliiomba bahasha, akaisoma mara mbili.

"Mama huyu hajawahi kufika hapa," akasema, "na amepajua. Andika Bonde la Ukungu."

Hakuna aliyepinga, hata wa Simmern.

Mwanao,
Ottilie

Hamburg, 9 Septemba 1854

Ottilie,

Hujambo, mwanangu? Sitakuandikia tena. Veit amenileta bandarini. Karani wa meli aliniuliza naenda wapi, nikamtajia. Halijui jina hilo, lakini ameliandika.

Meli inaondoka Jumanne. Nitandikie karibu na jiko, na Lorenz asininunie nikikoroma.

Mama yako