Pacha wangu ana uso mpya

Shoga, niko bafuni kwa mama, nimejifungia. Pacha wangu amekuja na uso mpya.

Sisemi poda. Mashimo ya chunusi, yale yale tuliyonayo sote tangu shule, kwake yamebaki kivuli tu. Na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake sebuleni, mbele ya ndugu wote.

Mama mdogo akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Sasa nyie sitawachanganya tena." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, shoga, huku roho inaniuma.

Nikamvuta pacha wangu jikoni nikamuuliza anapaka nini. Kumbe wala si kupaka. Mwaka mzima amekuwa akienda kwa daktari wa ngozi, kimya. Kwanza chunusi zenyewe zilitibiwa zikakauka, ndipo akaanza kuchomwachomwa sindano ndogondogo usoni ili ngozi ijijenge upya. Kwa yale mashimo yenye kina, daktari alikata nyuzi za kovu zinazoyavuta chini ya ngozi.

Mwaka mzima ambao hatujaonana. Na kila nikimpigia kulalamikia uso wangu, ananisikiliza tu na kunipa pole.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanijibu taratibu, "Ungekuja na wewe. Nilitaka niwe na sura yangu peke yangu, hata kwa muda mfupi."

Sura yake peke yake. Sasa hii niliyobaki nayo mimi ni ya nani?

Hapa anagonga mlango. Anasema amenitumia namba ya daktari.

Namba nimeiona, nimeihifadhi. Mlango sijafungua.