Nepi Ishirini na Nne Kabla ya Saa Kumi

Kanazi, Jumatano, tarehe 11 Aprili 1956. Mvua imeanza saa kumi na moja alfajiri, na mpaka saa mbili asubuhi haikupungua. Ukungu umejaa kibanjani, shambani mwetu mwa migomba, na ile ya karibu na nyumba tu ndiyo inayoonekana. Upepo hakuna. Nguo zilizoanikwa barazani tangu Jumapili bado ni mbichi.

Naandika mikono ikiwa inauma yote miwili, nami nimefurahi kiasi ambacho si desturi yangu kukiandika.

Niweke mambo kwa mpangilio.

Wifi yangu Paulina, mke wa kaka yangu, alijifungua mapacha wiki tatu zilizopita, Ishengoma na Nyakato. Ni wadogo sana. Ukiwabeba wote wawili unahisi kama umebeba mtoto mmoja. Walizaliwa masika yakiwa yameshika, na tangu siku hiyo jua tumeliona mara mbili. Nepi zao zilikuwa zikining'inizwa jikoni juu ya moto, zikitoka zinanuka moshi na bado zina unyevu. Nyakato akatoka vipele mapajani. Kisha akaanza kukohoa.

Hapo ndipo nilipomwambia Tata, baba yangu, kuhusu pipa. Shuleni tulikuwa na kitabu cha mambo ya nyumbani chenye picha ya mashine ya Ulaya ya kukaushia nguo: pipa linalozunguka ndani ya joto, nguo zikipanda na kuanguka humo mpaka zikauke. Mashine ile ni ya umeme, nasi hapa hatuna umeme. Nikachora ya kwetu. Pipa la bati lenye matundu, limelala juu ya miguu ya chuma, lina mlango ubavuni na mpini wa kuzungushia. Chini yake karai la makaa, na kati ya makaa na pipa bati la kuzuia cheche. Juu kifuniko chenye bomba, na mdomoni mwa bomba wavu mwembamba wa kunasa nyuzinyuzi za pamba. Tata aliichukua karatasi yangu akaenda nayo mjini Bukoba kwa Ramji, fundi wa mabati, na baada ya siku nne akarudi na pipa juu ya lori. Majirani walikuja kuliangalia. Mmoja aliuliza kama ni la kukaangia kahawa.

Nilijivuna. Lazima nikiri hapa, kwa sababu yaliyofuata yalitokana na hilo.

Jumatatu ilinibidi kwenda Muleba, kwenye shule ninayofundisha, kwa mkutano wa walimu kabla ya kufungua. Kabla ya kuondoka niliandika kanuni kumi na moja za kutumia pipa, kwa mwandiko mzuri, wino mweusi, nikazipigilia msumari ukutani barazani. Nikaondoka moyo ukiwa mweupe.

Mama hajui kusoma. Paulina anasoma kwa shida. Baba mdogo, Ta Laurenti, ambaye ndiye aliyejitolea kuzungusha mpini, hajawahi kushika kitabu. Tata na kaka, wenye kusoma, wanashinda shambani.

Mimi ni mwalimu, nami sikuliwaza hilo hata dakika moja.

Nilirudi jana jioni nikakuta msiba bila maiti. Ta Laurenti ndiye anayesifiwa Kanazi yote kwa kuivisha ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Anachimba shimo, analipasha moto, anatandika majani ya migomba, anazipanga ndizi, kisha anafunika na kuziba kila ufa ili joto lisitoroke. Na pipa alilitendea hivyohivyo. Alizijaza nepi zote ishirini na nne kwa mara moja, zikashikana kama ugali. Bomba akaliziba kwa jani la mgomba. Kingo za kifuniko akazifunga kwa matambara mabichi. Akazungusha saa nzima, mzee wa watu, jasho likimtiririka. Alipofungua, mvuke ulimpiga usoni. Nepi zilikuwa za moto kama viazi na zimelowa vilevile. Nne ziliungua pembeni.

Nesi Anastazia wa dispensari alipita jana hiyohiyo mchana. Aliishika nepi moja, akaishika ya pili, akamsikiliza Nyakato kifua. Mama alinieleza aliyoyasema. Atarudi leo saa kumi jioni. Akikuta hapa hakuna nepi kavu za kutosha kutwa na kucha, atawachukua watoto na mama yao kwenye hospitali ya misheni, wakae huko mpaka mvua ikatike. Mvua hukatika mwishoni mwa Mei. Paulina alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Alikuwa amekaa kitandani, mzigo uko mapajani.

Kwa hiyo leo nilikuwa na mpaka saa kumi.

Asubuhi tulifua upya, maana zote zilinuka moshi. Ziliungua nne, nikakata shuka langu la zamani nikapata nyingine nne. Saa nne na nusu niliwasha makaa nje, chini ya ukingo wa paa, nikangoja yashike yote yawe mekundu, bila moshi. Pipa nililihamishia barazani kwenyewe, pande mbili ziko wazi. Ta Laurenti alikuwa amelisogeza hadi chumba cha ndani, kwenye joto. Nilimwambia makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Hilo analijua, alikubali.

Lakini nilipoyatoa majani kwenye bomba, alisimama.

"Mwalimu, unalifungua?"

"Nalifungua, baba mdogo."

"Joto lote litakwenda kwa majirani! Mimi naivisha ndizi tangu mama yako hajaolewa hapa. Ni nani aliyewahi kulalamika kwamba rubisi yangu haikuiva?"

"Hakuna, waitu, mzee wangu. Lakini ndizi unataka zibaki na maji yake. Nepi nataka maji yatoke. Ukiziba, yatatokea wapi?"

"Yanaishia humo humo, kwa moto."

Mama akiwa mlangoni akasema, "Jana yaliishia usoni mwako, Laurenti."

Alinuna. Nami sikutaka kumshinda mbele ya Mama, nilitaka mikono yake. Nikamwita karibu. Niliweka nepi sita tu, nikazungusha polepole, kisha nikamwomba ashike sahani ya bati, baridi, juu ya mdomo wa bomba. Akaishika. Baada ya muda mfupi sahani ilijaa matone, yakaanza kumdondokea kwenye kiganja. Akayaangalia. Akayaonja, hakika akayaonja.

"Ni maji ya nepi," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo. Yanatoka."

"Kumbe mnyama huyu anapumua." Akacheka peke yake, akavua koti. "Sogea, mwalimu. Unazungusha kama mtu anayeogopa mpini."

Tangu hapo tulifanya kazi kama watu wawili wenye akili moja. Mama na Paulina walikamua, kila mmoja ameshika ncha yake, wanasokota mpaka tone la mwisho, maana nepi iliyokamuliwa vibaya hula makaa maradufu. Sita ziliingia kila mara, zikipanda na kuanguka kwa nafasi, unazisikia, pap, pap. Blanketi la watoto lilisubiri zamu yake, halikuchanganywa na nepi, kwa sababu linabaki bichi wakati nepi zimekwisha kauka. Mama alileta kitambaa cha kufutia taa, alichokifua kwa sabuni, akitaka kukiingiza nacho. Nilikataa. Kitambaa kilichonyonya mafuta ya taa hata ukikifua mara tatu kinaweza kushika moto humo ndani. Alinitazama kama mtu aliyekataliwa chumvi nyumbani kwake, akaenda kukitundika jikoni.

Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga ziliwekwa karibu. Hakuna aliyeruhusiwa kuacha pipa peke yake likiwa juu ya makaa, hata kwa kwenda chooni, bila kumwita mwenzake.

Awamu ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Kila nilipotoa sita nilizisugua shavuni, naye Ta Laurenti akazisugua shavuni kwake, ingawa ana ndevu.

Ya tatu ndiyo iliyonitia aibu.

Kati ya kila awamu na awamu wavu wa bomba lazima usafishwe. Ni kanuni yangu mwenyewe, ya nne kwenye karatasi. Nyuzinyuzi za pamba hujikusanya pale laini kama manyoya ya kifaranga, nazo huwaka kwa cheche moja. Baada ya ya kwanza nilizitoa. Baada ya ya pili nilikuwa nasimulia jinsi nilivyochora pipa, nikasahau. Nilikuwa naendelea kusimulia Ta Laurenti alipoacha mpini ghafla.

"Nyamaza. Kuna kitu kinaungua."

Mimi sikusikia harufu yoyote. Yeye anakaa na mashimo ya ndizi miaka arobaini, pua yake inajua moto uliokosea njia. Alivuta karai la makaa nje kwa ndoano, nami nikafungua kifuniko. Pembeni mwa wavu palikuwa na doa jeusi, dogo kama kifungo, linafuka. Nililizima kwa kitambaa kibichi. Ndani nepi zilikuwa salama. Tungengoja kidogo tu, zisingekuwa salama.

Nilikaa chini kwenye ngazi.

"Kumbe hata mwenye karatasi anasahau," Ta Laurenti alisema, lakini kwa sauti ya chini, Mama asisikie. Ninamshukuru kwa sauti ile kuliko kwa pua yake.

Kuanzia hapo wavu ukawa wake. Hakuniruhusu kuugusa tena.

Blanketi lilipata zamu yake kabla ya awamu ya mwisho, na ya nne ilitoka saa tisa na robo. Tuliondoa makaa kwanza, tukaendelea kuzungusha kwa hewa baridi mpaka nepi zikapoa, maana nguo za moto ukizirundika zinaendelea kujipika zenyewe kapuni. Kisha Paulina akazikunja. Ishirini na nne, na blanketi, ndani ya kapu, juu ya meza.

Nesi Anastazia alifika saa kumi kamili, mwavuli unachuruzika maji. Hakuketi. Alichukua nepi ya juu, kisha akaingiza mkono mpaka chini kabisa ya kapu akatoa ya mwisho, mwanamke mjanja. Akaiweka kwenye shavu. Akaichukua nyingine ya katikati. Alimvua Nyakato akaangalia mapaja, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, na muda ule wote Paulina alikuwa ameshika fundo la mzigo wake.

"Kifua hakijazidi," alisema. "Mzigo huo ufungue. Watabaki. Lakini nitapita kila siku ya tatu, na nikikuta hata moja mbichi, tunakwenda."

Paulina alifungua fundo kwa meno.

Nesi akataka kuona pipa. Nilifungua mdomo nieleze, ila Ta Laurenti alikuwa ameshafika mbele yangu. "Siri yake, Nesi, ni kupumua. Watu wasiojua huliziba. Ukiliziba, umekwisha. Halafu pua yake hapa juu, unaisafisha kila baada ya nguo sita. Usipoisafisha, nyumba inaungua." Akaeleza yote, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyelizaa. Mama alinitazama akijizuia kucheka. Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa adabu tu: alieleza vizuri kuliko karatasi yangu, na hakusahau chochote.

Nesi ameniomba nimchoree mchoro kwa ajili ya dispensari. Nitauchora kesho.

Jumapili narudi Muleba. Nimejiuliza jioni nzima kama naweza kuliacha pipa mikononi mwa mtu ambaye jana aliliziba kwa majani. Jibu ni kwamba leo mimi ndiye niliyekaribia kuliunguza. Kesho atafanya peke yake kuanzia makaa hadi kukunja, nami nitakaa kwenye ngazi, mikono mapajani, nisiseme kitu. Hiyo itakuwa kazi ngumu kuliko ya leo.

Muda si mrefu uliopita Ishengoma alilia. Nimemsikia Paulina, upande wa pili wa ukuta, akipapasa kapuni gizani bila kuwasha taa. Hakuhitaji kuchagua, yoyote atakayoishika ni kavu. Kisha kimya.

Nalala saa nne kasoro dakika kumi.