Platinamu Haitaki Maji ya Dukani

Mzee Mbise, shikamoo!

Imewaka! Haki ya Mungu, imewaka! Huko uliko kungekuwa na simu, saa hii ningekuwa nimeshamaliza vocha.

Ngoja nianze vizuri. Tangu tulipokuzika kijijini kwenu Akheri, pembeni ya migomba yako, maabara ilinuna. Fundi umeondoka, na platinamu yangu nayo ikagoma. Unazikumbuka zile chembe nilizokuwa nazipaka kwenye kitambaa cha kaboni, nyeusi kama masizi, ndogo hata jicho halizioni? Kazi yake ni kuichoma asidi bila moto, itoe umeme. Ile asidi uliyoiita mkojo wa siafu. Ukiwepo, zilichapa kazi. Ulipoondoka, mstari kwenye mashine ukalala, hauinuki. Nilitengeneza chembe mpya mara nne. Mara nne, mzee! Profesa akasema platinamu iliyobaki inatosha jaribio moja tu, likishindikana nifunge utafiti nirudi nyumbani bila shahada. Nilijifungia chooni nikalia. Nisamehe, nilikulaumu hata wewe, kwamba umeondoka na baraka zako.

Wiki iliyopita nikaenda kumjulia hali mkeo. Mama Nai akacheka kitu, nikayaona meno yake ya kahawia, kama yako, na sauti yako ikanijia: "Maji ya kwetu yamegeuza rangi ya meno yangu, platinamu yako ni nani?" Kikombe cha chai kilitaka kunidondoka.

Kila asubuhi nilikukuta umeuinamia ule mtambo, unachemsha maji, unakinga mvuke wake tone kwa tone, halafu unarudia upya. Nikakutania kwamba unapika gongo. Nilidhani ni uzee tu. Chupa yangu ya maji ya kuoshea chembe ilikuwa imejaa siku zote, na sikuwahi kujiuliza nani anaijaza.

Ulipofariki, unajua niliijaza nini? Maji ya dukani! Yale ya kunywa, yenye picha ya mlima. Kwetu Njiro hayo ndiyo maji safi, bomba tunalikwepa kwa sababu ya meno. Nilipotoka kwa Mama Nai nikaisoma karatasi ya chupa kwa mara ya kwanza. Kloraidi imeandikwa pale pale, wala hawajaificha. Kloraidi inaing'ang'ania platinamu, asidi inakosa pa kukaa. Mjinga mimi! Darasani nimefundishwa, na mtihani niliufaulu.

Basi nimepika maji siku mbili, kila tone mara mbili, kama wewe. Nikatengeneza chembe za mwisho. Mstari ukapanda, mzee! Ukapanda, nikapiga yowe, mlinzi akaja mbio akidhani nimeungua. Nikavitoa kabatini vile vitambaa vinne vilivyokataa, nikaviosha kwa maji yale yale. Vyote vimefufuka!

Sasa redio yako. Ulisema siku mkojo wa siafu utakapoiwasha, ndipo utaamini nimesoma. Mama Nai kanipa. Leo nimepanga vyumba vitano vya asidi mfululizo, kila kimoja na kitambaa chake, nikafunga waya palipokuwa na betri. Ikakwaruza. Ikanyamaza. Halafu ikasema, na unajua ilisema nini? Tangazo la sabuni! Hizi hizi stesheni mpya za watu binafsi ulizokuwa ukizifyonya na kuuliza: "Sabuni, sabuni, habari saa ngapi?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikalia kweli, kwa sababu kiti chako kilikuwa kitupu na mimi nilishageuka kukuonyesha.

Pumzika, mzee wangu. Naahidi mtambo hautapoa tena, nitapika maji mwenyewe kila asubuhi kabla ya chai, na jina lako litakaa ukurasa wa kwanza wa utafiti wangu. Jumapili baada ya ibada naileta redio Akheri, tukae wote pale kwenye migomba tusikilize taarifa ya habari.

Ikianza na sabuni, utavumilia.

Binti yako wa maabara,
Aika