Hereni ya Mama

Shoga, mimi na mama tumetoka ukumbi wa sinema sasa hivi na bado nina hasira.

Wameirudia kwa waigizaji wapya ile filamu ya mama, ile aliyoigiza mjane kabla sijazaliwa. Hawakumwalika, tumejipeleka wenyewe.

Unakumbuka pale makaburini anaposhika sikio? Hereni ilidondoka, akawa anaipapasa, na mkanda wa kamera ulikuwa unaishia, wakaacha hivyo hivyo.

Sasa huyu mwigizaji mpya naye anashika sikio. Hereni zote mbili anazo. Anashika sikio tu.

Filamu ilipoisha mwongozaji akasimama kutuelimisha. Eti mjane anasikiliza sauti ya marehemu. Watu wakapiga makofi. Sikio, shoga.

Nikanyanyuka, nikamwambia mbele ya watu kwamba mama yangu alikuwa anatafuta hereni. Akanijibu, "Dada, sanaa ina tafsiri nyingi." Namba ya mama anayo, ameshindwa nini kumpigia?

Humu kwenye gari nimemuuliza mama kulikuwa na haja gani ya kuirudia.

Akasema, "Haja ilikuwepo. Miaka yote hii nilitaka mtu aje apatie pale nilipokosea, nao wamekuja kuliiga kosa lenyewe."