Risasi Iliyomfumba Babu Yako Macho

Mume wangu Masanja,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Mkolani. Tu wazima. Mpunga wa Magu tumeshavuna, na babu yako anakohoa kidogo ila ubishi wake uko palepale.

Unaniuliza uchague risasi ipi kwa mashindano yenu ya shabaha za masafa marefu: kubwa isiyoyumbishwa sana na upepo, au ndogo isiyopiga teke. Sikia. Tulipokuwa mgambo, mimi na babu yako tumeoana juzi tu, tulishindana kulenga shabaha kando ya ziwa, upepo ukivuma. Wanaume wote walikimbilia bunduki ya risasi kubwa, wasionekane waoga. Babu yako alipiga ya kwanza, ikamtwanga bega la kulia. Kuanzia ya pili nilimwona akifumba macho kabla hajafyatua. Mimi na ile ndogo niliangalia matete yanavyolala, nikalenga taratibu, nikarudi nyumbani na jogoo wa zawadi.

Zijaribu zote, mume wangu, kisha chagua ile utakayoipiga macho wazi.

Babu yako anachungulia ninachoandika, anadai ni upepo uliomkosesha shabaha. Ukimpigia simu, muulize basi kwa nini jogoo yule alimla kwa mkono wa kushoto.

Bibi yako