Nilikugeuza Upande Usio Wako

Mpendwa Mama Mutheu,

Mvua imeingia wiki ya pili sasa hapa Mbooni, na mahindi ya tuta lako la juu yamechomoza. Nakuandikia kwenye ile meza uliyozoea kuchambulia maharagwe. Barua hii sitaifunga. Nataka Mutheu na wadogo zake waisome, kwa sababu kuna jambo nililokufanyia ambalo hawalijui, na ni afadhali walisikie kwangu. Miezi mitatu imepita tangu tukuzike, na bado nikifika nyumbani nakuita kabla sijavua viatu.

Unakumbuka ilivyoanza. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu Nairobi, nikarudi nyumbani na fimbo moja ya chuma niliyopewa na mchezaji aliyenunua mpya, na mipira kumi na miwili ya kuokota vichakani. Miaka ishirini na sita nilikata nyasi na kubeba mifuko ya wachezaji, nikiwatazama wakipiga, hata nikawa najua kosa la mtu kabla hajamaliza kuinua mikono. Nilijisifu sana kwa hilo, wewe ndiye shahidi. Nilipofyeka lile tuta la chini ili nipate pa kupigia, watu wa soko la Kikima walisema mzee amerudi na wazimu wa Nairobi. Wewe hukucheka. Ulifunga leso kiunoni ukaniambia, "Na mimi unifundishe. Ile family day sitaki kukaa tu kwa tenti nikikunywa soda."

Hiyo ni siku moja kwa mwaka ambapo sisi wafanyakazi wa zamani huruhusiwa kucheza uwanjani pamoja na wake zetu. Hukutaka makuu. Ulitaka kupiga mpira mmoja uende mbele, watu wakiona, mimi nikiwa kando yako.

Siku ya kwanza ulishika fimbo ukasimama upande wa pili wa mpira, uso wa fimbo ukaangalia nyuma. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikakushika mabega, nikakugeuza. "Sivyo. Simama huku." Ukageuka.

Nikakufundisha kama nilivyowasikia makocha wakifundisha. Miguu upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, kichwa kitulie, mkono wa kushoto unyooke, uzito uende mguu wa nyuma kisha urudi wa mbele. Nikakuambia ushike fimbo kama unavyoshika kifaranga, kisitoroke na kisife. Wewe uliikaba. Uliinuka kwa vidole vya miguu, kiwiko kikapinda, na fimbo ikachimba udongo kabla ya kufika kwa mpira.

"Mama Mutheu, hiyo si jembe!"

"Afadhali jembe," ukasema, ukijifuta jasho. "Huku mkono unakataa."

"Mkono haukatai. Ni kichwa kinakataa."

Tuliendelea hivyo miezi mingi, mimi nikipaza sauti na wewe ukijaribu tena. Alasiri moja nilivunja kijiti nikakugonga vidole ili ulegeze mshiko. Haikuwa kwa nguvu. Kule uwanjani wachezaji hufanyiana hivyo na wanacheka. Wewe uliweka fimbo chini polepole, kama kitu cha mtu mwingine, ukaenda jikoni. Nikadhani unadeka. Nikaendelea kupiga mipira yangu.

Ile family day ilipofika, mwaka jana, ulikuwa umeshavaa. Raba ulizifua tangu Alhamisi zikawa nyeupe. Nikakutazama hapo mlangoni nikasema, "Wewe bado. Utaniaibisha." Ukazivua raba. Niliporudi jioni uliniuliza kitu kimoja tu: "Wengine walikuja na mabibi?" Nikajibu wachache. Wote walikuja nao, Mama Mutheu. Na wewe fimbo hukuigusa tena mpaka presha ilipokuchukua.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu. Mvua ilipokaribia, mdogo wako Nzilani alikuja kutoka Tawa kunisaidia kupanda. Tulianza tuta la juu, bega kwa bega. Hatukumaliza mstari mmoja, mipini ya majembe ikagongana. Tukaachana kidogo, ikagongana tena. Nzilani akasimama akicheka.

"Shemeji, wewe umezoea kulima na dada. Sisi wengine tunainama upande moja."

"Kwani dada yako alikuwa aje?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Si alikuwa wa left? Haki hukujua? Shule walimchapa vidole na rula mpaka akaandika na right. Nyumbani pia, ukipea mzee maji na kushoto unakula kofi. Lakini kwa shamba nani atakuuliza?"

Niliketi pale pale kwenye udongo. Miaka thelathini na moja, kila nilipokuwa nyumbani, tulilima tukielekeana, majembe yetu hayakugongana hata siku moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliona kosa la kila mgeni aliyeshuka garini pale uwanjani, nikakosa kumwona mke wangu.

Siku ile ya kwanza ulikuwa umesimama mahali pako. Makosa yote niliyokugombezea baadaye niliyaanzisha mimi nilipokushika mabega. Na fimbo za watu wa kushoto zipo! Nimezibeba miaka yote hiyo. Ningeomba moja ningepewa. Lakini kile kijiti ndicho kinachoninyima raha. Nakuuliza moyoni kwa nini hukuniambia, halafu nakumbuka sauti niliyokuwa nikikusemesha nayo, na naelewa kwa nini hukuweza. Nisamehe. Nimelia mbele ya Nzilani, na mimi si mtu wa kulia mbele ya shemeji.

Juzi niliazima fimbo ya kushoto nikajaribu. Mpira wa kwanza niliukosa, wa pili niliukosa, wa tisa bega likakataa kabisa. Nilitukana kwa sauti kubwa, mzee mzima wa kanisa. Wewe hukuwahi kutukana.

Jana asubuhi Kimeu alinipigia simu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wetu wa nyasi. Alitaka kunijulisha kwamba siku ya familia mwaka huu ni mwisho wa mwezi. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia. Akauliza, "Na mama alipona?"

Mwanzoni sikumwelewa. Kisha nikakumbuka. Mwaka jana pale kwenye tenti, waliponiuliza uko wapi, niliwaambia wewe ni mgonjwa, huwezi hata kusimama. Niliyasema hayo nikila viazi vitamu ulivyonifungia asubuhi hiyo.

Nikamwambia Kimeu umefariki. Akanipa pole, akasema basi ule ugonjwa ulianza zamani. Ningeweza kuitikia tu, yaishe. Nikamwambia hapana, mwaka jana hukuwa mgonjwa. Ulikuwa mzima kabisa, ulikuwa umevaa tayari, na mimi ndiye niliyekuacha nyumbani.

Pumzika, mama wa watoto wangu.

Mumeo,
Baba Mutheu