Santuri Uliyoikataa, Baba Zuhura

Mpendwa Baba Zuhura,

Jana alasiri mjukuu wako Asha alikuja hapa Chanika, akaketi kwenye mkeka na simu yake, akaanza kusonya peke yake. Nikamuuliza, "Nani kakuudhi?" Akaniambia kuna bendi ya roki ya huko ng'ambo anayoipenda, imetoa albamu mpya, na mashabiki wake wa hapa Dar wamegawanyika, wanatupiana maneno. Akanisomea. Mmoja anasema wamezeeka, wakalee wajukuu. Mwingine anasema magitaa yamelegea kama tambi zilizolala. Wa tatu anasema hii ndiyo kazi yao bora kuliko zote, na asiyeipenda akasikilize tangazo la sabuni.

Asha akainua macho. "Bibi, unacheka nini?"

Nilikuwa nakucheka wewe.

Mtoto yule hakujua kwamba enzi za Ujamaa, sie tukiwa vijana, Temeke ilikuwa na bendi yake ya roki, roki nzito, ya magitaa ya kukwaruza, na ikiitwa Tufani. Hakujua kwamba babu mkubwa Hamisi, anayemkumbuka kama mzee mpole wa kofia na tasbihi, ndiye aliyekuwa mpiga dramu. Na hakujua kabisa kwamba babu yake na bibi yake walikutana wakigombana juu ya santuri. Nikamsimulia. Baada ya kumsimulia sikuweza kulala usiku, ndiyo maana leo nimekaa nikuandikie.

Unaikumbuka santuri ya kwanza? Swali gani hilo, uliijua kuliko walioipiga. Ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, Kiingereza cha kuokota huku na kule. Mie nilikuwa nikimuuliza kaka yangu, "Hapa mnasema nini?" Hamisi ananijibu, "Tunasema mambo ni magumu." Namuuliza wimbo unaofuata. "Huo nao tunasema mambo ni magumu, ila kwa haraka." Lakini magitaa yalinguruma hata mabati ya nyumba ya baba mdogo, tulikokuwa tunakaa, yakaitikia. Vijana wa Temeke na Kinondoni walipagawa. Suruali za bugaluu, pana chini, zilifagia vumbi, na viatu vya raizoni vya soli ndefu vilivunja watu vifundo vya miguu. Wewe ulikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Kinondoni, na ulipenda kusema Tufani ndiyo bendi pekee inayopiga muziki unaofanana na kazi yako.

Kisha ikaja santuri ya pili. Ilichapwa Nairobi kama ile ya kwanza, na dukani kwa Mzee Awadhi pale Temeke ikafika Jumamosi. Yule mzee wa Kiarabu alikuwa na desturi ya kutoa spika nje na kuiweka kwenye ngazi ya duka ili kila mtu asikie kabla hajanunua. Nyie wa Kinondoni mlikuja kundi zima na baiskeli. Mie nilikuwa nimetoka kazini kiwandani, bado nina nyuzi za pamba kichwani.

Santuri ikaanza kuimba. Kiswahili. Wimbo wa kwanza Kiswahili, wa pili Kiswahili. Magitaa yalikuwepo lakini yalikuwa yanapisha, yanaacha nafasi. Wa tatu ukaja taratibu, na sauti haikuwa ya mwimbaji wao, ilikuwa ya Hamisi mwenyewe. Alikuwa anamwimba mama yetu. Mama alikuwa amebaki kusini, kwetu Masasi, na kijiji kilipohamishwa alihama nacho, akafyeka shamba jipya peke yake kwa sababu wanawe wote wawili tulikuwa huku mjini. Hamisi alinong'ona zaidi kuliko kuimba, na dramu yake ilipiga polepole kama jembe.

Wimbo ulipokwisha, kila mtu akawa na lake.

"Hii ni kwaya!" akasema mmoja.

"Gitaa limekunywa uji."

"Wameogopa, hawa. Wameambiwa waimbe siasa."

"Siasa wapi? Huyu anamwimba mamaake. Mie nimelia, nisiwafiche."

"Ukalie nyumbani kwenu, hapa watu wanataka roki!"

Mzee Awadhi alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya gramafoni. "Mie kazi yangu kuigeuza tu," akasema. "Niigeuze, nisiigeuze?"

Hapo ndipo uliposema wewe, na ulisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Usiigeuze, mzee. Muziki nataka unipige kifuani. Huu unanipapasa."

Nilikuwa sikujui hata jina. Nikakujibu, "Kaka, ile ya kwanza ulikuwa unaelewa hata neno moja?"

"Gitaa halihitaji kueleweka, sista."

"Basi kaoe gitaa."

Watu wakacheka, nawe ukacheka, jambo ambalo sikulitarajia. Kisha mtu akakunong'oneza kwamba mie ni dada wa mpiga dramu. "Kumbe!" ukasema. "Ndiyo maana unawatetea." Nikakuambia ukweli wangu: santuri ya kwanza sikuwa naipenda hata chembe, na ingawa ilikuwa ya kaka yangu, nilimwambia usoni kwamba inaniumiza kichwa. Hii ya pili niliipenda kwa masikio yangu, hakuna undugu. Hukuniamini. Mpaka unaingia kaburini sidhani kama uliniamini.

Wiki ile Hamisi alikuwa hali vizuri. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba Kinondoni haimtaki. Alikaa uani anapigapiga goti kwa vidole. Wenzake kwenye bendi walikuwa wameanza kusema kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyeuleta wimbo ule, na kama bugi la Jumapili, lile dansi la alasiri, likiharibika wangeurudia mtindo wa zamani na kutafuta mpiga dramu mwingine. Mie nikaogopa. Kaka yangu hakuwa na kitu kingine duniani alichokijua vizuri kama kile.

Jumapili ile alasiri, kwenye ukumbi wenu kule Kinondoni, nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Nyie mlikuwa mbele, mistari mitatu. Nyimbo za zamani zilipopigwa mliruka mpaka sakafu ikalalamika. Kisha Hamisi akavuta kipaza sauti kando ya dramu zake, akaanza ule wa mama. Na nyie, bila kupiga kelele, bila kutukana, mkageuka. Mistari yote mitatu, mkampa migongo.

Sijawahi kuona kitu kikali kama kile, kwa utulivu wake. Hamisi aliona. Sauti yake ilikatika kidogo, nikadhani ataacha, lakini akaendelea. Alimwimbia mama yetu mbele ya migongo.

Na wewe kwa kugeuka ukajikuta unanitazama mie. Sikulia. Nilikutazama tu, mpaka wimbo ukaisha. Nilikuona unatafuta pa kuyapeleka macho yako, hukupata. Lakini hukugeuka tena, kwa sababu jambo lile ulilipanga wewe, na wenzako walikuwa wamekufuata.

Bugi lilipokwisha nikaenda nyuma ya ukumbi kumsaidia Hamisi kubeba ngoma zake. Nikakukuta umefika kabla yangu, umesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Braza, wimbo sijaupenda," ulimwambia. "Sitakudanganya. Lakini kukupa mgongo nimekosea. Mtu akiimba, hutazamwa usoni."

Hamisi aliiweka ngoma chini. Mie nilidhani atakupiga. Akasema, "Kama hukuupenda, njoo mazoezini uniambie ni wapi."

Ukaja. Ulikuja na chuma chako cha kuchomelea, ukaunga mguu wa sahani ya dramu uliokuwa umevunjika, kisha ukakaa kwenye tofali ukawaambia ni wapi. Mlibishana mpaka jua likashuka. Wale wenzake waliposikia mkubwa wa Kinondoni amekuja kwa miguu yake Temeke, habari ya kumfukuza Hamisi ikafa yenyewe. Wimbo ule ukabaki, na kila walipoupiga wewe ulisimama mbele, umekunja mikono, umekunja na uso, unamtazama. Watu wa Kinondoni walikuuliza, "Vipi, umeshaupenda?" Ukawajibu, "Hata kidogo."

Mie nilianza kukupenda hapo. Sikukuambia wakati ule, ulikuwa na kiburi cha kutosha.

Tulipooana, masika yalikuwa yameikata barabara ya kusini, mama hakuweza kuja harusini. Njia ilipopitika ukasema twende, mama mkwe akuone. Hamisi wakati huo alikuwa ameitwa mafunzoni jeshini, hakupata ruhusa. Basi wewe ukaenda kwa Mzee Awadhi kuazima gramafoni yake ya betri. Nilikuuliza ya nini. Ukasema, "Mama yenu ameimbiwa wimbo na hajausikia. Hiyo si haki, hata kama wimbo wenyewe ni mbaya."

Uliipakata gramafoni ile kama mtoto mchanga, imefungwa kwa khanga yangu, safari nzima. Kule Rufiji basi lilipokwama na wanaume wakashuka kusukuma, ulinikabidhi na kunionya kana kwamba sijui kushika kitu. Ulirudi umeloa tope mpaka masharubu, swali lako la kwanza: "Haijapata maji?"

Mama alikupokea uani kwenye kijiji kile kipya, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Alikuwa amekonda na anakohoa. Ulimpigia magoti, "Shikamoo, mama," naye akakuitikia, akakupapasa bega kuona kama una nguvu za kulima. Kisha ukaweka santuri. Majirani wakaja, uani hapakubaki nafasi.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliposikia sauti ya Hamisi akaweka kiganja kinywani. Hakukitoa mpaka mwisho. Sote tukangoja aseme.

"Sauti ya mwanangu nzuri," akasema. "Maneno yake ya kweli, shamba lilikuwa na visiki. Lakini mbona hivyo vyuma vinapiga makelele hivyo?"

Nakumbuka ulivyocheka, Baba Zuhura. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Mama," ukamwambia, "hapo wamepunguza! Mie nagombana nao kwa kuwa wamepunguza!"

"Wapunguze tena," mama akasema, naye akicheka. Kisha akakuambia uiweke tena. Uliiweka tena na tena siku zote tulizokaa, mpaka betri zikaishiwa nguvu na Hamisi akawa anaimba kwa sauti nzito ya kivivu kama mtu anayeota. Hukulalamika hata mara moja.

Mama alifariki masika yaliyofuata. Hamisi alipotoka jeshini ulikaa naye uani pale Temeke, ukamweleza yote, visiki, vyuma, "wapunguze tena", na ukamwigizia kiganja kile kinywani. Alicheka, akacheka, halafu akaegemea bega lako akalia kama mtoto. Mie nilikuwa jikoni. Niliwaacha.

Tufani haikudumu sana baada ya hapo. Nyuzi za magitaa zilikuwa hazipatikani, spika zikafa moja baada ya nyingine, mwimbaji akaenda Kenya asirudi. Lakini ugomvi wetu ulidumu. Tulihamia Kawe tukiwa tunabishana, tukazaa Zuhura na wadogo zake tukiwa tunabishana, tukaja kujenga huku Chanika, na siku tunaezeka bati ulikuwa juu ya paa unawaeleza mafundi kwa nini santuri ya pili ya Tufani ni santuri mbaya ya bendi nzuri. Mie niko chini nawaambia wasikusikilize, wapige misumari. Hata kwenye msiba wa Hamisi ulisimama mbele ya watu ukasema, "Marehemu alikuwa rafiki yangu kuliko wote, na wimbo wake mkubwa sikuupenda, na alijua." Watu wakashtuka. Mie nilijua hakuna aliyemsifu kaka yangu kwa heshima kuliko hiyo.

Sasa nikuambie lililotokea jana. Nilipomaliza kumsimulia, Asha akatafuta kwenye simu yake, na huwezi kuamini, mtu ameiweka santuri ile humo, na mikwaruzo yake yote. Tukausikiliza ule wimbo. Zuhura alikuwa ametoka jikoni, na jirani yetu alikuwa amekuja kuomba moto, naye akasimama.

Ulipokwisha Asha akasema, "Bibi, ni mzuri sana." Zuhura akasema ni mzuri. Jirani akasema siku hizi hawaimbi hivi.

Nikangoja. Nilikuwa nimeshaandaa majibu yangu yote, yale ya siku zote. Hakuna aliyebisha. Mume wangu, maisha yangu yote na wewe nilitaka kuushinda ubishi huu. Jana nimeushinda, nyumba nzima ikanikubalia, na sikuwa na wa kumtambia.

Mungu akulaze pema. Ukikaa na Hamisi huko, mwambie kweli yako kama ulivyozoea. Mie bado nasema umekosea.

Mkeo,
Mama Zuhura